UZI: Tibor Rubin, mtoto wa Mauthausen aliyegeuka mwizi wa ghala akaokoa wenzake hadi 40

Korokoroni wa Zamu (saa 5:12 usiku)

Wakuu salaam. Niko lindo, nalinda godauni la mahindi, na mvua imeanza kugonga mabati, kwa hiyo leo sisinzii hata nikitaka. Mvua ndiyo saa ya wezi, mwenye kazi hii anajua: huwezi kusikia gunia likichanwa. Nina chupa ya chai ya tangawizi, simu ina chaji ya kutosha, basi niwashushie uzi niliowaahidi.

Namkumbuka marehemu Koplo Tibor Rubin, Myahudi wa Hungaria aliyekuwa askari wa Marekani. Alifariki tarehe 5 Desemba 2015 huko Garden Grove, California, akiwa na miaka 86. Niseme mapema asije mtu akanirukia: hakufia vitani. Ila kabla hajatimiza miaka 24 alikuwa ameshapita sehemu mbili ambazo wengi waliingia hawakutoka, na ya pili aliitoka akiwa amewabeba wenzake.

Kilichonivuta mimi ni kwamba jamaa alikuwa mwizi. Mwizi wa ghala, kazi ninayolipwa kuizuia. Sijawahi kumsifia mwizi humu jukwaani, leo nitamsifia.

Tuanze mwanzo. Amezaliwa 18 Juni 1929 katika mji mdogo wa Pásztó, Hungaria. Baba yake Ferenc alikuwa fundi viatu, naye aliwahi kuwa mfungwa wa vita mikononi mwa Warusi wakati wa Vita ya Kwanza. Shikeni hilo. Kuna nyumba ambazo watoto wanakua wakisikia hadithi za sungura na fisi. Nyumba hii baba alikuwa anasimulia kambi.

Machi 1944 Wajerumani wakaikalia Hungaria. Kati ya Mei na Julai mwaka huo Wayahudi kama 437,000 walisombwa kwa treni, wengi wao kupelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz. Miezi miwili tu, wakuu. Wazazi wa Tibor walishanusa hatari, wakamtoa kijana akimbilie Uswisi. Akakamatwa njiani, akapelekwa Mauthausen, Austria. Hakuwa amefikisha miaka 15.

Mauthausen ilijengwa kando ya machimbo ya mawe ya matale. Kulikuwa na ngazi 186 za kutoka shimoni, na wafungwa walizipanda wamebeba mawe mgongoni, wa mbele akiteleza anawazoa wote walio nyuma yake. Katika kambi hiyo na matawi yake walipita watu kama 190,000, wakafa wasiopungua 90,000. Tibor alikaa humo miezi 14.

Tarehe 5 Mei 1945 vifaru vya Divisheni ya 11 ya Kideraya ya Marekani vikafika. Wale askari walikuta watu wananuka, wamejaa chawa, wanaharisha, na bado wakawashika kwa mikono yao, wakawalisha na kuwatibu. Kijana akaapa kwamba akifika Marekani atavaa ile sare.

Baba alifia kambi ya Buchenwald. Mama yake Rosa na mdogo wake wa kike, Ilonka, waliuawa Auschwitz.

Nazunguka uzio kidogo, narudi.

Mama Nuru (saa 5:31)

Huyo Ilonka alikuwa na miaka mingapi kaka?

Korokoroni wa Zamu (saa 5:44)

Kumi, dada.

Dereva wa Masafa (saa 5:46)

Mkuu nimepaki Morogoro hapa nasubiri mizani, shusha vitu. Usije ukatuacha na "itaendelea" kama yule wa uzi wa Vita vya Kagera, mpaka leo anaendelea.

Kijiwe Nongwa (saa 5:50)

Yaani usiku wote huu mnaleta propaganda za Marekani na Israel. Huko duniani watu wanakufa leo hii hamuwaoni?

Korokoroni wa Zamu (saa 5:58)

Kijiwe, uzi wa Israel na Palestina upo jukwaa la kimataifa, una kurasa zaidi ya mia tatu, na wewe mwenyewe nimekuona kule. Huyu ninayemzungumzia hata uraia wa Marekani hakuwa nao alipokuwa anaipigania. Kaa tu, chai ipo.

Tunaendelea.

Akafika New York mwaka 1948. Akafanya kazi ya viatu kama baba yake, kisha akawa muuza nyama buchani. Mwaka 1949 akaenda kujiandikisha jeshini, akafeli mtihani wa Kiingereza. 1950 akarudi, safari hii akatazamia kwa waliokaa jirani yake, akafaulu. Ndiyo, aliingia jeshini kwa kudesa. Nimewaambia ni mwizi.

Vita ya Korea ikalipuka 25 Juni 1950 naye yuko Okinawa. Kwa kuwa si raia angeweza kubaki nyuma, akakataa. Akapangwa Kombania I, Rejimenti ya 8 ya Cavalry. Huko akamkuta sajini mmoja aliyewachukia Wayahudi waziwazi. Wenzake waliapa baadaye, kwa maandishi, kwamba sajini huyo alimchagua Rubin kwa kila kazi ya kifo. Doria ya hatari, Rubin. Kubaki nyuma, Rubin.

Ndipo linakuja tukio la kilima. Jeshi linarudi nyuma kuelekea bandari ya Pusan, Korea Kaskazini wanakuja kwa kasi, na barabara ya Taegu kwenda Pusan lazima ibaki wazi. Rubin akaachwa peke yake kilimani. Akajaza mahandaki silaha na mabomu ya mkono, na walipokuja akawa anatoka handaki hili anaingia lile, anarusha, anafyatua, ili wadhani kilima kina kombania nzima. Saa 24.

Mhakiki Huru (saa 6:15)

Hapo umenipoteza mkuu. Mtu mmoja asimamishe jeshi saa 24? Hizi ndizo hadithi za kuandikia nishani. Karatasi za nishani zinajulikana, lazima zipambwe.

Korokoroni wa Zamu (saa 6:27)

Swali zuri na sitalikwepa. Tamko rasmi la nishani aliyokuja kupewa linasema alipunguza mwendo wa adui kwa saa 24 akiwa peke yake, na kikosi kikapata muda wa kurudi salama. Usiku, mvua ya mabomu kutoka pande tano, kamanda yeyote mwenye akili anasimama kwanza ahesabu. Mimi hapa niko peke yangu na rungu na tochi mbili. Moja naishika, nyingine naiwasha upande wa pili wa godauni. Miaka minne sasa watu wanaamini tuko wawili.

Lakini nakubaliana na wewe kwa sehemu. Ya kilimani aliyaona adui tu, na adui hakuja kutoa ushahidi. Ya kambini waliyaona wafungwa wenzake, wakarudi makwao wakiwa hai, wakayaandika kila mmoja kwa wakati wake. Mimi uzito nauweka huko.

Mbeba Boksi Seoul (saa 6:40)

Nipo huku Korea mwaka wa sita, na huku kumeshaanza kupambazuka. Kuna makumbusho ya vita Yongsan hapa Seoul, niliwahi kwenda siku ya mapumziko nikidhani nitamaliza kwa saa moja. Kuna korido ndefu za nje, kuta zake zina mabamba meusi yenye majina ya waliokufa, nchi kwa nchi. Ya Wamarekani hayana mwisho, unatembea mpaka miguu inauma. Nikafika kwa Waethiopia. Ethiopia walileta batalioni ya Kagnew, zaidi ya askari 3,000 kwa zamu, wakafa 121. Nilisoma majina ya Kihabeshi yameandikwa kwa herufi za Kizungu kwenye ukuta wa Wakorea, nikasimama pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea.

Huyo Rubin hayumo humo basi, maana alipona. Ila wenzake waliouawa Unsan, kule Korea Kaskazini, wamo.

Korokoroni wa Zamu (saa 7:05 usiku)

Asante sana Mbeba Boksi, umenifikisha Unsan.

Mwishoni mwa Oktoba 1950 Wamarekani wameshavuka kwenda kaskazini, maneno ni kwamba Krismasi watakula nyumbani. Wachina wakashuka kutoka milimani usiku, wakipuliza tarumbeta na filimbi. Rejimenti ya 8 ikapigwa vibaya sana, ikapoteza watu zaidi ya 800. Upande wa kusini wa safu ya akina Rubin kulikuwa na rashasha, na waliokuwa wanaifyatua wameshaanguka watatu, mmoja baada ya mwingine. Rubin akaishika wa nne. Akaikalia usiku ule na siku iliyofuata, mpaka risasi zikaisha. Akakamatwa akiwa na majeraha mabaya.

Wakatembezwa kwenye baridi hadi kambi iliyojulikana kama Kambi Namba 5, Pyoktong, kando ya mto Yalu. Katika vita ile Wamarekani waliotekwa walikuwa 7,140, wakafia mikononi mwa adui 2,701. Wengi walikufa majira yale ya baridi ya kwanza. Njaa, kuhara damu, nimonia. Na kulikuwa na ugonjwa ambao hauna dawa: kijana wa miaka 19, hana jeraha kubwa, anageukia ukutani, anajifunika blanketi, anakataa chakula. Siku mbili amekwisha.

Sasa wafikirieni hao vijana. Wengi walikuwa watoto wa mashamba na viwanda ambao hawakuwahi kulala njaa kwa kupangiwa. Katikati yao yumo kijana wa miaka 21 mwenye Kiingereza kibovu, na kila anachokiona amekiona tayari. Anajua chawa wakikuzidi wanakunywa nguvu uliyobaki nayo, kwa hiyo anawatoa wenzake chawa mmoja mmoja. Anajua anayegeukia ukutani lazima asemeshwe, achekeshwe, atukanwe ikibidi, anyanyuliwe kwa nguvu. Na anajua kuiba chakula.

Usiku alikuwa anatoka. Anaingia kwenye maghala ya adui na bustani zao, anarudi kabla ya asubuhi, anagawa. Akikamatwa ni mateso au risasi. Na hii wakuu si mara moja. Aliachiwa 20 Aprili 1953, ile awamu ya kwanza ya kubadilishana wagonjwa na majeruhi. Hesabuni wenyewe tangu Novemba 1950.

Niwaambie kitu kuhusu kuingia ghalani. Mlango si kazi. Kazi ni mkono wa kwanza kuzama kwenye nafaka. Mahindi yakimwagika yanasema *shaaa*, sauti ndogo lakini kwenye ukimya inafika mbali, na panya hafanyi sauti hiyo, panya anakwaruza halafu ananyamaza. Kwa hiyo mwizi anayejua hachani gunia. Analegeza mshono wa mdomo, anachota kiganja kwa kiganja, nafaka ikishuka anaizuia kwa tumbo. Inachukua muda mrefu sana, na muda wote huo roho iko kooni. Niliwahi kumkuta kijana mmoja hivyo, sehemu niliyolinda zamani. Nilimmulika, mikono yote miwili imo ndani ya gunia mpaka viwiko, anatetemeka kama ana homa. Huyo alikuwa anahofia kipigo na polisi tu.

Nesi wa Kisumu (saa 7:33)

Hujambo ndugu mlinzi. Mimi niko night duty pia, wodi imetulia. Nilisoma mahali kuwa Rubin alitumia mabuu kutibu vidonda vya wenzake. Ni kweli?

Korokoroni wa Zamu (saa 7:41)

Ni kweli sister, na nilikuwa nakuja huko. Mfungwa mwenzake mmoja bega lake lilioza. Rubin alichemsha theluji apate maji safi ya kumwosha, akaenda chooni akachukua mabuu, akamwekea kwenye kidonda wale nyama iliyooza, kisha akawatoa. Mwenzake akapona na mkono wake.

Dereva wa Masafa (saa 7:44)

Nilikuwa nakula mihogo. Nimeiacha.

Nesi wa Kisumu (saa 7:52)

Kula mihogo yako Dereva, hii ni sayansi. Mabuu ya inzi wa kijani hula nyama iliyokufa pekee, iliyo hai hawaigusi, na majimaji wanayotoa huua bakteria. Marekani waliidhinisha matibabu hayo mwaka 2004, na hapa Kenya watafiti wa KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, huwafuga kwenye maabara kwa kazi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba hao wetu wametakaswa. Ya chooni ni bahati nasibu: unaweza kumwekea mgonjwa pepopunda pamoja na dawa. Lakini kama hakuna kisu, hakuna antibiotiki, na unajua ukiacha atakufa, hata mimi ningeenda hicho choo. Siri ni ile aliyoitaja ndugu mlinzi, kuwatoa kwa wakati. Wakikosa nyama mbovu na wakiachwa, kidonda kinachafuka tena.

Mgonjwa wa kitanda cha nne ananiita.

Yona wa Parokiani (saa 8:10)

Wakuu, kambi hiyo hiyo, na batalioni hiyo hiyo ya tatu ya Rejimenti ya 8, alikuwemo Padri Emil Kapaun wa Kansas. Alikataa kuwaacha majeruhi pale Unsan, akatekwa nao. Kambini naye aliiba chakula! Alikuwa akimwomba Mtakatifu Dismas, yule mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu, kabla ya kutoka kwenda kuiba. Alifariki humo 23 Mei 1951. Mifupa yake ilitambuliwa mwaka 2021 kati ya askari wasiojulikana waliozikwa Hawaii, sasa amelazwa Wichita. Nishani alipewa 2013.

Kwa hiyo kambi moja ilikuwa na padri mwizi na Myahudi mwizi.

Korokoroni wa Zamu (saa 8:18)

Yona umenimaliza kabisa. Ghala moja, korokoroni hana habari!

Mhakiki Huru (saa 8:25)

Nimeanza kukubali. Ila kuna kitu hakijakaa sawa: kwa nini hakuomba arudishwe kwao? Hungaria ilikuwa rafiki wa Wachina wakati huo.

Korokoroni wa Zamu (saa 8:39)

Wachina wenyewe walimwambia. Walimpa nafasi arudi Hungaria, akaikataa zaidi ya mara moja, na jambo hilo limo hata kwenye tamko la nishani. Hakuwa raia wa Marekani bado, hakuna ambaye angemhukumu. Uraia aliupata 1953 baada ya kuachiwa.

Nadhani aliangalia pembeni akaona nani atabaki bila mtu wa kwenda ghalani. Hayo ni yangu, hakuyasema hivyo.

Mwanasheria Mtarajiwa (saa 9:02)

Mkuu gusia na nishani ilivyochelewa, maana hapo ndipo kuna funzo la kiutawala.

Korokoroni wa Zamu (saa 9:20)

Wakubwa wake walimpendekeza kwa Nishani ya Heshima, ile ya juu kabisa, wakamwagiza yule yule sajini aandike karatasi. Hakuandika. Wakubwa waliotoa agizo wakafa vitani, na agizo likafa nao. Ndiyo hivyo tu. Hakukuwa na kikao wala barua ya kukataa. Kalamu ya mtu mmoja haikugusa karatasi.

Rubin akaishi zake California, akafanya kazi kwenye duka la pombe la kaka yake huko Long Beach, akaoa, akapata watoto wawili. Aliowaokoa ndio walioanza kelele miaka ya 80, wanaume wazee wanaandika viapo. Mwishoni bunge la Marekani likaagiza kumbukumbu za askari Wayahudi zipitiwe upya, kwa sheria iliyopewa jina la Leonard Kravitz. Huyu Kravitz ndiye aliyefia Korea hasa: Machi 1951, miaka 20, mtoto wa Brooklyn, alibaki kwenye rashasha ili kikosi kiondoke, asubuhi wakamkuta amekufa hapo hapo. Mwimbaji Lenny Kravitz ni mtoto wa kaka yake, amepewa jina lake. Sheria ilibeba jina la Leonard tangu mwanzo, ila nishani yake mwenyewe ilitoka 2014, miaka tisa baada ya Rubin kupata.

Rubin alivishwa Ikulu ya Marekani na George W. Bush, 23 Septemba 2005. Ana miaka 76. Utepe wa buluu wa kuvaa shingoni, nyota inaning'inia. Leo hospitali ya maveterani Long Beach ina jina lake, na alikuwa akijitolea hapo miaka mingi kabla hajafa, anawatembelea wagonjwa.

Mama Nuru (saa 9:41)

Nimerudi nyuma kusoma pale kwenye chawa. Mama yangu alitulea hivyo, jioni mnakaa mstari anapekua kichwa kimoja kimoja. Huyo mtoto alifanyiwa na mama yake kabla hawajatenganishwa, akaenda kuwafanyia wanaume wazima gerezani. Nimelia, na sikutaka kulia usiku huu.

Kijiwe Nongwa (saa 10:05)

Sawa. Huyu ni mtu. Nimesoma yote.

Dereva wa Masafa (saa 10:30)

Mizani imefunguka, naondoka. Mkuu, yule kijana uliyemkuta na mikono ndani ya gunia ulimfanyaje?

Korokoroni wa Zamu (saa 12:04 asubuhi)

Samahani nilikuwa nazunguka, mvua imekatika na taa ya nyuma ilizima.

Nilimkabidhi. Bosi alikuwepo siku hiyo, na ndiyo kazi niliyoajiriwa. Kabla hawajaja nilimwambia atoe mikono taratibu asimwage. Alikuwa na mfuko wa rambo, ulikuwa haujafika kilo mbili.

Mwenzangu wa mchana ameshafika, anapangusa matope mlangoni. Namkabidhi tochi, zote mbili, na daftari. Maswali mengine nitajibu nikiamka.